Kinga Iliyonyamaza: Panya wa Maabara Wanatufundisha Nini Kuhusu Mtoto Anayeugua Kila Mara?

   Leo tutazungumza juu ya panya. Usishtuke. Sisemi wale wanaotoboa gunia la mahindi usiku. Nasema panya wadogo wanaofugwa na wanasayansi katika maabara, ambao wamewafundisha madaktari mengi kuhusu kinga ya mwili wa binadamu.

Huenda unajiuliza: panya wa Ulaya na Marekani wananihusu nini mimi ninayebeba mtoto mgongoni kwenda kliniki? Wanakuhusu, mama. Kuna watoto wachache wanaozaliwa na kinga ambayo sehemu yake moja haifanyi kazi. Mtoto wa namna hiyo huzaliwa mzima wa kutazama, hunyonya, hucheka. Kisha baada ya miezi michache anaanza kuugua, na haponi sawasawa. Mara nyingi majirani husema amerogwa, au husema mama hajui kulea. Panya wametusaidia kuelewa kwamba jambo hili lina sababu, lina dalili, na kwamba likijulikana mapema mtoto anaweza kusaidiwa.

Jeni ni nini, na inanyamaza vipi?

Mwili wa mtoto wako umejengwa kwa maagizo. Maagizo hayo huitwa jeni. Kila jeni ni kama ukurasa wa maandishi unaoambia mwili: tengeneza kitu hiki, kwa namna hii. Kuna jeni za rangi ya macho, jeni za damu, na jeni nyingi za kinga, yaani zile zinazotengeneza askari wa mwili wa kupambana na bakteria, virusi na ukungu.

Karibu kila jeni tunayo katika nakala mbili. Moja tumeipata kwa mama, nyingine kwa baba. Mwili unapozinakili jeni hizi ili kupitisha kwa kizazi kinachofuata, mara chache hutokea kosa. Herufi moja inabadilika, au mistari kadhaa inakatika. Makosa mengi hayaleti madhara yoyote. Lakini mengine huwa kama nukta iliyowekwa katikati ya sentensi: mwili unasoma hadi hapo, unasimama, na kazi haikamiliki. Tunasema jeni hiyo imenyamaza. Bado ipo, lakini haitoi tena agizo linaloeleweka.

Ikiwa nakala moja imenyamaza na ya pili ni nzima, kwa jeni nyingi mtu hana shida yoyote. Ile nzima inatosha. Mtu huyo anaweza kuishi hadi uzee bila kujua, na akawapitishia watoto wake nakala ile iliyonyamaza. Shida huja mtoto anapopata nakala mbili zilizonyamaza, moja kwa kila mzazi.

Porini, panya mwenye nakala mbili mbovu za jeni muhimu ya kinga hukutana na kijidudu na kufa mapema, mara nyingi kabla ya kuzaa. Kosa lake linakwenda naye kaburini. Hivyo ndivyo maumbile yanavyochuja, kizazi baada ya kizazi. Lakini je, panya huyo akiishi mahali ambapo vijidudu hivyo havifiki?

Nyumba safi ya panya

Mwanzoni mwa karne ya 20, huko Massachusetts, Marekani, mama mmoja mfugaji aliyeitwa Abbie Lathrop alikuwa akifuga panya wa mapambo na kuwauza. Baadaye wateja wake wakubwa wakawa wanasayansi. Nasaba nyingi za panya wa maabara duniani zina asili katika shamba lake. Mwaka 1909 mwanasayansi Clarence Little alianza kuzalisha panya wa nasaba moja kwa kuwapandisha kaka na dada, kizazi baada ya kizazi. Mwaka 1929 alianzisha maabara mashuhuri ya Jackson katika mji wa Bar Harbor, ambayo hadi leo hutoa panya wa utafiti.

Kwa nini kaka na dada? Kwa sababu baada ya vizazi 20 hivi, panya wote wa nasaba hiyo hufanana karibu kabisa, kama pacha. Ni rahisi kulinganisha dawa au ugonjwa kwa wanyama wanaofanana. Lakini kuna jambo lililokuja pamoja na hilo. Kaka na dada hubeba nakala zinazofanana, kwa hiyo kosa lililokuwa limejificha katika nakala moja linaweza kukutana na mwenzake kwa mtoto, likawa mara mbili.

Tena panya hawa waliishi maisha ya raha. Chakula kililetwa, maji yalikuwa safi, paka hakuwepo, na magonjwa mengi ya porini hayakuingia. Jeni ya kinga iliponyamaza, hakuna aliyegundua. Panya alikula, akazaa, akapitisha kosa lake. Mlinzi wa lango aliyelala hagunduliki usiku ambao mwizi hajaja.

Kumbuka sana sentensi hiyo, mama. Tutairudia tutakapofika kwa mtoto.

Panya walioshinda mafua

Mwaka 1962, mwanasayansi wa Uswisi, Jean Lindenmann, aliona jambo la ajabu. Aliwaambukiza panya virusi vya mafua makali, yaani influenza. Panya wa nasaba nyingi walikufa. Lakini panya wa nasaba moja iitwayo A2G waliendelea kuishi. Mtu angedhani panya hao wa A2G walikuwa na nguvu za pekee ambazo wengine hawakujaliwa.

Uchunguzi wa miaka iliyofuata ulionyesha kinyume chake. Panya wa A2G walikuwa na jeni ya kinga iitwayo Mx1 iliyo nzima. Wale wengine waliokufa ndio waliokuwa wamepoteza kitu. Katika baadhi ya nasaba kipande kikubwa cha jeni hiyo kimekatika. Katika nyingine herufi moja tu imebadilika ikasimamisha agizo katikati. Panya wengi wa maabara walikuwa wakiishi na Mx1 iliyonyamaza kwa miaka mingi, na kwa kuwa nyumba yao ilikuwa safi, hakuna aliyejua hadi siku virusi vilipoletwa.

Na hapa kwetu Kenya tumo katika habari hii. Katika miaka ya 1960 watafiti walieleza virusi vipya walivyovipata kwa kupe wa ng'ombe katika msitu wa Thogoto, karibu na Nairobi. Virusi hivyo vinaitwa virusi vya Thogoto hadi leo, na ni jamaa wa mbali wa virusi vya influenza. Mwaka 1995 ilionyeshwa kwamba panya mwenye Mx1 nzima anavishinda virusi hivyo vya kupe, na asiye nayo anashindwa. Hapo tunaona kwamba jeni moja ya kinga inaweza kumlinda mnyama dhidi ya vijidudu zaidi ya kimoja. Binadamu pia tuna jeni ya jamii hiyo, nayo hutusaidia kupambana na virusi.

Panya ambao hawakuisikia sumu

Panya wengine wa kutufundisha ni wa nasaba iitwayo C3H/HeJ. Katika miaka ya 1960 iligunduliwa kwamba ukiwadunga sumu iliyo katika ganda la bakteria fulani, wao hawaugui. Dozi inayoua panya wengine, hawa wanaivumilia. Tena hawapandi homa.

Ungedhani hawa ndio mashujaa. Lakini walipoambukizwa bakteria hai wa salmonella, hata wachache tu, walikufa, huku panya wa kawaida wakiokoka. Iweje?

Jibu lilipatikana mwaka 1998 huko Dallas, Texas, na kundi la Bruce Beutler. Panya hao walikuwa na kosa la herufi moja katika jeni iitwayo Tlr4. Kazi ya jeni hii ni kutengeneza kitu kama pua ya askari: inanusa ganda la bakteria na kupiga king'ora. Kwa panya hawa, pua ilikuwa imeziba. Mwili haukujua kwamba adui ameingia. Ndiyo maana sumu peke yake haikuwaua, kwa sababu kinachoua mara nyingi ni mwili wenyewe unapojibu kwa fujo. Lakini bakteria hai walipoingia, walizaana bila kupingwa. Kwa kazi hiyo Beutler alikuwa miongoni mwa watatu waliopewa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2011.

Hapa kuna funzo la nyumbani. Homa ni king'ora. Mtoto mwenye joto apelekwe kutazamwa. Lakini usingoje joto peke yake. Mtoto mchanga, au mtoto ambaye kinga yake ni dhaifu, anaweza kuwa na maambukizi makali bila homa, au hata akawa baridi. Mtoto mdogo akikataa kunyonya, akilegea, akipumua haraka au kwa shida, akipata degedege, au akiwa vigumu kuamka, usiseme "hana joto, acha tungoje kesho." Nenda hospitali saa hiyo hiyo.

Je, kunyamaza ni hasara siku zote?

Hapana. Kinga ni kama moto wa jiko. Ukiwa mdogo, chakula hakiivi. Ukizidi, nyumba inaungua. Kwa hiyo mara nyingine jeni ikinyamaza huwa faida.

Mfano ni jeni iitwayo caspase-12. Kwa panya inafanya kazi. Kwa watu wengi duniani imenyamaza kabisa. Baadhi ya watu wenye asili ya Afrika, kusini mwa Sahara, bado wana nakala inayofanya kazi. Utafiti wa mwaka 2004 ulionyesha kwamba jeni hiyo ikifanya kazi, hupunguza ukali wa jibu la mwili kwa bakteria, na mtu anaweza kuwa katika hatari kubwa zaidi damu yake ikiingiliwa na maambukizi makali. Ndiyo sababu wanasayansi wanafikiri kwamba kosa hilo lilienea: waliokuwa nalo waliokoka zaidi, wakazaa, wakawapitishia watoto.

Kwa hiyo tusiseme kwamba kila badiliko la jeni ni ugonjwa au laana. Kila mmoja wetu amebeba mabadiliko kadhaa. Mengine hayana maana, mengine yanatusaidia, na machache yanadhuru. Linalodhuru na lisilodhuru hutegemea pia mahali tunapoishi na vijidudu tunavyokutana navyo.

Panya uchi na panya wa Philadelphia

Kuna jeni nyingine ambazo zikinyamaza, hasara ni kubwa mno. Mwaka 1962, katika maabara ya hospitali moja mjini Glasgow, Uskoti, walizaliwa panya wasio na manyoya. Waliitwa panya uchi. Mwaka 1968 ilijulikana kwamba hawakukosa manyoya tu. Walikosa pia tezi ya thaimasi, ile iliyo kifuani ambamo seli fulani nyeupe za damu hufundishwa kazi ya ulinzi. Bila tezi hiyo, askari hawana chuo. Panya hawa waliishi vizuri mahali safi sana, lakini katika mazingira ya kawaida waliugua na kufa mapema.

Kisha mwaka 1983, mjini Philadelphia, Marekani, wanasayansi Melvin na Gayle Bosma walieleza panya ambao damu yao ilikosa kingamwili. Kwa kuwatazama hawana tatizo, lakini hawana aina zote mbili kuu za askari wa damu. Hali kama hiyo kwa watoto ilikuwa inajulikana tayari. Ni upungufu mkubwa wa kinga wa kuzaliwa nao. Mvulana mmoja wa Texas, aliyezaliwa mwaka 1971 akiwa na hali hiyo, aliishi ndani ya chumba cha plastiki kisicho na vijidudu hadi alipofariki mwaka 1984. Ndugu yake aliyemtangulia alikuwa amefariki akiwa mtoto mchanga kwa tatizo hilo hilo.

Tiba imesonga mbele sana. Mwaka 1968 huko Minnesota, Marekani, mtoto wa kwanza mwenye upungufu kama huo aliponywa kwa kupandikizwa uboho wa ndugu yake. Panya kama wale wa Philadelphia wamesaidia kujaribu tiba nyingi kabla hazijafika kwa watoto.

Nyumba safi ya mtoto ni mama

Sasa turudi kwa ile sentensi yetu: mlinzi aliyelala hagunduliki usiku ambao mwizi hajaja.

Mtoto mchanga naye ana nyumba yake safi. Nyumba hiyo ni wewe, mama. Akiwa tumboni, hasa miezi ya mwisho, unampitishia kingamwili zako kupitia kondo la nyuma. Baada ya kuzaliwa unampa nyingine katika maziwa yako, kuanzia yale ya kwanza ya manjano. Kwa miezi ya mwanzo mtoto hukopa askari wako. Ndiyo maana mtoto ambaye jeni yake ya kinga imenyamaza anaweza kuonekana mzima kabisa anapozaliwa.

Lakini zile kingamwili za tumboni hupungua polepole, na kufikia miezi sita hivi nyingi zimekwisha. Wakati huo mtoto anaanza kukaa chini, kushika kila kitu, na kukitia mdomoni. Mwizi amefika. Kwa mtoto wa kawaida, askari wake mwenyewe wanaamka na kujifunza. Kwa mtoto ambaye jeni imenyamaza, hakuna anayeamka. Upungufu mkubwa sana hujitokeza hata kabla ya miezi sita. Ule wa kukosa kingamwili peke yake mara nyingi hujitokeza baada ya hapo.

Kwa hiyo mama, ukiambiwa "mtoto wako alikuwa mzima, wewe ndiye umemharibu," jua kwamba si kweli. Alionekana mzima kwa sababu ulikuwa unamlinda.

Dalili ya mvua ni mawingu

Hebu kwanza tuondoe hofu. Watoto wote huugua. Mtoto mdogo anaweza kupata mafua mara sita hadi nane kwa mwaka na akawa na kinga nzuri kabisa. Hivyo ndivyo kinga inavyojifunza. Tena, mtoto anayeugua mara kwa mara hapa kwetu, mara nyingi sababu ni nyingine: lishe duni, upungufu wa damu, virusi vya ukimwi, kifua kikuu, au moshi wa kuni ndani ya nyumba. Hayo yachunguzwe kwanza, kwa sababu yana tiba na yanapatikana zaidi.

Lakini tazama mawingu haya. Mwambie mhudumu wa afya ukiona moja, na usikawie ukiona mawili au zaidi:

1. Maambukizi ya masikio mara nne au zaidi kwa mwaka mmoja.
2. Nimonia mara mbili au zaidi kwa mwaka mmoja.
3. Maambukizi makali ya matundu ya pua na paji la uso mara mbili au zaidi kwa mwaka.
4. Mtoto ametumia antibiotiki miezi miwili au zaidi bila nafuu ya maana.
5. Maambukizi hayaponi mpaka adungwe dawa kwenye mshipa.
6. Uzito hauongezeki, au mtoto hakui kama inavyotakiwa. Mstari katika kitabu chako cha kliniki utakuonyesha.
7. Majipu makubwa ya ngozi au ya ndani ya mwili yanayorudi rudi.
8. Utando mweupe mdomoni au ukungu wa ngozi usiokwisha, hasa baada ya mtoto kutimiza mwaka mmoja.
9. Maambukizi mazito mara mbili au zaidi, kama vile homa ya uti wa mgongo au maambukizi ya damu.
10. Katika ukoo kuna mtu mwenye upungufu wa kinga wa kuzaliwa nao, au kuna watoto waliofariki wakiwa wachanga kwa maambukizi.

Hiyo ya kumi husahaulika sana. Baadhi ya jeni hizi hupita kwa upande wa mama na kuwapata wavulana peke yao. Kwa hiyo ukiulizwa habari za ukoo, usitaje watoto wako tu. Fikiria pia kaka zako waliofariki wachanga, na wana wa dada zako. Na ikiwa wewe na baba ya mtoto ni jamaa wa karibu, kama binamu, mwambie daktari. Hatusemi hivyo kwa kulaumu ndoa ya mtu. Ni habari inayomsaidia daktari kujua atafute nini, kwa sababu watu wa ukoo mmoja wanaweza kubeba nakala ile ile iliyonyamaza bila kujua.

Ufanye nini?

Kwanza, tunza kumbukumbu. Kila mtoto anapougua, andika tarehe, ugonjwa alioambiwa, na dawa aliyopewa. Ukihama kituo, nenda na kitabu chako. Daktari anayemwona mtoto mara ya kwanza anaona nimonia moja. Wewe ndiye unayejua kwamba hii ni ya tatu.

Pili, acha kununua antibiotiki kwa kemisti kila mtoto anapokohoa. Dawa za kubahatisha zinaweza kuficha mawingu huku mvua ikikusanyika. Mwombe mhudumu atafute kwa nini ugonjwa unarudi. Anaweza kuanza na kipimo cha damu cha kuhesabu seli nyeupe, na cha virusi vya ukimwi. Majibu yakionyesha haja, ataandika barua ya kukupeleka hospitali kubwa kwa daktari wa watoto. Huko wanaweza kupima kingamwili na aina za seli za kinga.

Tatu, usimkatishe mtoto chanjo kwa kusikia kipindi hiki. Chanjo zinaokoa watoto wengi mno, na kwa karibu watoto wote ni salama. Lakini baadhi yake, kama BCG ya kifua kikuu, polio ya matone, rotavirusi na surua, zina kijidudu hai kilichodhoofishwa. Mtoto mwenye upungufu mkubwa wa kinga anaweza kudhurika nazo. Kwa hiyo, ikiwa ulishapoteza mtoto mchanga kwa maambukizi, au daktari ameshuku upungufu wa kinga, mwambie muuguzi kabla ya sindano au matone. Yeye na daktari wataamua. Na ikiwa kidonda cha BCG kinapanuka badala ya kupona, au matezi ya kwapa yanavimba na kutoa usaha, rudi kituoni.

Nne, wachanje watoto wengine wote wa nyumbani kwa wakati. Wao ndio ukuta wa mtoto ambaye hawezi kujilinda. Kuna mtoto mtaani kwako ambaye usalama wake unategemea chanjo ya mtoto wako.

Tano, nyonyesha maziwa ya mama peke yake miezi sita ya mwanzo, kisha endelea kunyonyesha pamoja na vyakula vingine. Nawa mikono kwa sabuni. Chemsha au tibu maji ya kunywa. Hayo hayataamsha jeni iliyonyamaza, lakini yanapunguza wezi wanaofika langoni.

Na ikijulikana kwamba mtoto kweli ana upungufu wa kinga wa kuzaliwa nao, je? Matibabu hutegemea ni jeni gani. Wengine hupewa antibiotiki ya kuzuia maambukizi kila siku. Wengine hutiwa kingamwili za watu wengine kwenye mshipa au chini ya ngozi, mara kwa mara. Wenye upungufu mkubwa huhitaji kupandikizwa uboho. Sitakuficha: tiba hizi ni ghali, na nyingine hazipatikani kila mahali. Lakini hata pale ambapo tiba kubwa iko mbali, kujua jina la ugonjwa kunabadilisha mengi. Daktari hutibu mapema na kwa nguvu zaidi, chanjo hai huepukwa, na mimba inayofuata hupangwa kwa ushauri.

Na mwisho, mama, kataa lawama. Hakuna aliyeroga. Hukula kitu kibaya ukiwa mjamzito. Kosa la herufi moja linaweza kupita katika ukoo vizazi vingi likiwa kimya, kwa baba na kwa mama, kama lilivyopita kwa panya wale katika vizimba vyao safi. Aliyelala ni mlinzi mmoja tu. Wewe uliyeona mawingu ukashika njia ya hospitali, umekuwa mlinzi badala yake.

Mambo ya kukumbuka

- Mafua ya mara kwa mara ni ya kawaida kwa watoto. Nimonia za mara kwa mara, uzito usiopanda na maambukizi yasiyopona si ya kawaida.
- Mtoto anaweza kuonekana mzima miezi ya mwanzo kwa sababu anatumia kinga ya mama.
- Usingoje homa. Kulegea na kukataa kunyonya ni hatari hata bila joto.
- Taja vifo vya wachanga katika ukoo, hasa vya wavulana upande wa mama.
- Endelea na chanjo, ila sema kabla ya chanjo ikiwa kuna historia hiyo.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Katika kijiji chetu au mtaa wetu, mtoto anayeugua kila mara husemwa nini? Maneno hayo humfanya mama afanye nini?
2. Nani katika kikundi hiki anaandika magonjwa ya mtoto wake? Tunawezaje kusaidiana kufanya hivyo?
3. Ikiwa mwenzetu amepoteza watoto wachanga wawili, tutamshauri aseme nini kliniki atakapobeba mimba nyingine?

 Mfikishie jirani ujumbe huu, na hadi tutakapokutana tena katika mazungumzo yajayo, tunakutakia wewe na mtoto wako afya njema.